Kupachika nakala ya Tabora siku Kigoma inapozimika

Seva yetu inakaa Kigoma mjini, chumba kidogo nyuma ya kaunta ya chama cha akiba na mikopo ninakofanya kazi. Wanachama ni wachuuzi wa dagaa wa Kibirizi, wenye mashamba ya michikichi, na kina mama wa Ujiji wanaokopa laki tatutatu za mtaji. Nakala ya seva hiyo iko Tabora, kwenye stoo ya ofisi ya tawi, chini ya mwembe ambao msimu wake ukifika hudondosha maembe juu ya bati usiku kucha. Kila robo saa mashine ya Kigoma inaitumia ya Tabora mabadiliko. Kwa sababu hiyo nililala usingizi mnono miaka miwili, na sikuwahi hata siku moja kuifungua hiyo nakala nikaona ndani mna nini.

Siku ilipohitajika ilikuwa masika. Radi ikapiga, umeme ukaenda, betri za UPS zikaisha, jenereta ikagoma kuwaka. Nikampigia kijana wetu wa Tabora.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hebu fungua folda ya hazina uniambie unaona nini."

Akanyamaza kidogo. "Mzee, folda ipo, ila tupu."

Data zilikuwepo zote, ila folda ilikuwa haijapachikiwa kitu. Mafundi wengi husema kumaunti. Mimi nasema kupachika, yaani kuiunganisha diski na folda ili vilivyomo vionekane, na kuitoa nasema kupachua. Nakala inayopokelewa kwa mtandao kwa kawaida huachwa bila kupachikwa, kwa makusudi, na asiyejua hilo ataona folda tupu na moyo utamlipuka.

Kwa pupa nikafanya kosa kubwa kuliko lile. Nikamwambia aiondolee nakala kizuizi cha kuandikwa, aipachike, aigawe kwenye mtandao. Ikafanya kazi. Mchana kutwa makarani wakaingiza marejesho 43 ya mikopo kwenye majedwali. Saa tano usiku umeme ukarudi Kigoma. Seva ikaamka yenyewe, ratiba yake ikakumbuka kwamba ina mabadiliko ya kutuma, na hati yangu ya amri za kutuma ilikuwa na herufi moja, `-F`, inayoiamuru mashine inayopokea irudi kwanza kwenye hali ya mwisho waliyokubaliana. Ikarudi. Asubuhi marejesho yote 43 yalikuwa yamefutika, na vilivyotuokoa ni vitabu vya risiti vya mama mhasibu, vile vyenye kaboni ya bluu. Hakunisema. Aliviweka tu mezani kwangu na kalamu juu yake.

Tangu hapo ofisini kwetu nakala iliyopokelewa haiguswi. Anayetaka kuisoma au kuiandikia anatengeneza kloni yake, yaani pacha wa pembeni, na kuipachika hiyo. Hapa chini naeleza tunavyofanya. Sisi tunatumia ZFS, mfumo wa kutunza faili kwenye diski, juu ya Linux. Wenye vifaa vingine nitawagusia mbele.

Kwanza majina. Hodhi la diski la Kigoma linaitwa `ziwa`, la Tabora `embe`. Ukiziita seva zako zote "data", siku ya maafa saa nane usiku utaandika amri kwenye mashine isiyo yake. Voliyumu yenyewe, yaani sehemu ya hodhi inayotunza faili zetu, ni `hazina` pande zote mbili. Kigoma inatuma hivi:

`zfs send -w -i @k-0412-1400 ziwa/hazina@k-0412-1415 | ssh tabora zfs receive -s -u embe/hazina`

`-w` inatuma data zikiwa zimefungwa kwa siri kama zilivyo, kwa hiyo Tabora inazitunza bila kuweza kuzisoma. `-i` ni tofauti tu kati ya snapshoti mbili, yaani picha za hali ya voliyumu kwa saa fulani; tarakimu nne za mwisho za jina ndizo saa yake. `-s` ni rafiki wa mtandao wa kwetu: laini ikikatika katikati, mashine inabaki na tokeni ya kuendelezea ilipoishia badala ya kuanza upya. `-u` ndiyo inayosema pokea bila kupachika. Ile `-F` nimeitoa, na hairudi.

Huko Tabora kuna jambo moja la kufanya mara moja tu:

`zfs set readonly=on embe/hazina`

Usidhani ni kwa ajili ya wanaoandika peke yao. Voliyumu isiyo na kizuizi hiki, hata ukiipachika na kusoma faili moja tu, mfumo unaweza kuandika saa uliyolisoma, na hiyo inatosha kuibadilisha. Snapshoti inayofuata ikija, upokeaji unagoma ukidai kwamba kilichopo kimebadilika tangu snapshoti ya mwisho. Hapo ndipo watu huiweka `-F` ili wapumzike, na mlango wa msiba wangu ukafunguka. Kizuizi cha kuandika hakizuii kupokea, kwa hiyo huna unachopoteza.

Nakala ya kwanza nzima usiipeleke kwa mtandao kama laini yako ni ya kwetu huku. Zetu zilikuwa GB 600. Kwa megabiti 4 kwa sekunde ni karibu siku 14 bila kupumua. Nilinunua diski ya nje, nikaipokezea nakala hapahapa Kigoma, nikaifunga kwenye kitenge na kupanda nayo treni hadi Tabora, nimeipakata kama mtoto. Ilipofika ikamiminwa kwenye `embe`, na kuanzia hapo zikawa zinasafiri tofauti tu, megabaiti chache kila robo saa.

Kwa nini Tabora na si mtaa wa pili? Kwa sababu Kigoma tuliishi miaka mingi kwa umeme wa jenereta za dizeli kabla gridi ya Taifa haijatufikia, na mji ukizimika, umezimika wote. Pia maji ya Ziwa Tanganyika yalipopanda mwaka 2020 na 2021 tuliona nyumba za kando ya ziwa zikiingiliwa. Nakala iliyoko Mwanga au Gungu ingezimika pamoja na mama yake.

Sasa siku yenyewe. Kabla ya amri yoyote jibu swali hili: unachungulia, au unahamia? Kuchungulia ni pale karani amefuta faili, au mkaguzi anataka kuona hali ya wiki iliyopita, au mnafanya zoezi. Kuhamia ni pale Kigoma imekufa na kazi lazima iendelee Tabora. Hatua zinafanana mpaka katikati, kisha zinaachana.

Anza kwa kuangalia kilichofika:

`zfs list -t snapshot -o name,creation -s creation embe/hazina`

Ya mwisho kwenye orodha ndiyo mpya kuliko zote. Hapa nitoe tahadhari ambayo sijaiona kwenye mwongozo wowote, kwa sababu miongozo imeandikwa na watu ambao saa yao ya asubuhi haianzii moja. Kwenye zoezi letu la pili nilimuuliza kijana kwa simu snapshoti ya mwisho ni ipi, akasema, "Ya saa mbili na robo." Ilikuwa asubuhi. Nikaandika 0215. Mashine ilikuwa na 0215 kweli, ya usiku ule, kwa hiyo haikulalamika. Tukafungua data za saa sita nyuma na kushangaa kazi ya asubuhi imekwenda wapi. Siku hizi kwenye simu tunasoma tarakimu mojamoja: sifuri, nane, moja, tano. Saa ya Kiswahili tunaiacha kwa mazungumzo ya chai.

Kisha ufunguo. Kwa kuwa tunatuma kwa `-w`, Tabora haiwezi kupachika chochote bila neno la siri:

`zfs load-key -L prompt embe/hazina`

Kwenye zoezi la kwanza hapa ndipo tulipokwama. Neno la siri lilikuwa limehifadhiwa vizuri sana, kwenye seva ya Kigoma. Sasa liko kwenye bahasha yenye lakiri ndani ya kasha la chuma la tawi la Tabora, na meneja wa tawi ndiye anayeifungua. Bahasha ikifunguliwa, neno linabadilishwa na bahasha mpya inaandikwa.

Tengeneza kloni na uipachike:

`zfs clone -o mountpoint=/maafa/hazina embe/hazina@k-0412-1415 embe/maafa`

Inachukua sekunde moja, hata kama ni GB 600, kwa sababu haikopi kitu. Kloni inasoma data zilezile za snapshoti na kuandika pembeni mabadiliko yake tu. Angalia kwa `df -h /maafa/hazina` na `ls`, fungua faili mbili tatu uzisome kwa macho. Ukubwa pekee usikuridhishe. Wakati huo Kigoma, kama iko hai, inaendelea kutuma kwenye `embe/hazina` bila kujua kwamba pembeni kuna shughuli. Usumbufu mmoja tu: snapshoti iliyozaa kloni haifutiki mpaka kloni iondoke, kwa hiyo ratiba ya kusafisha snapshoti za zamani itaanza kunung'unika ukiiacha kloni wiki nzima.

Kama unachungulia, nusu ya kazi imekwisha hapo. Kopi faili unayoitaka, rudi nyumbani. Kama wengine wanahitaji kuifikia kutoka mezani kwao, igawe kwa NFS. Hii ni itifaki ya kugawana faili kwa mtandao, ya mwaka 1984, kazi ya Sun Microsystems, na inaonekana ilitungwa zama watu wakiaminiana. Kwenye `/etc/exports` ya Tabora:

`/maafa/hazina 10.20.0.0/24(ro,sync,no_subtree_check,root_squash,fsid=77)`

Kisha `exportfs -ra`, na `exportfs -v` kuhakikisha. Ukihamia, `ro` inageuka `rw`. Hiyo 10.20.0.0 ni mtandao wa ndani ya handaki la WireGuard linalounganisha ofisi. Usiifungue bandari 2049 kwa intaneti ya wazi kamwe: NFS kwa mpangilio wa kawaida inaamini namba ya mtumiaji anayojitajia mteja mwenyewe, haiulizi nywila.

Na hizo namba ndizo zitakazokupotezea muda kuliko yote niliyosema. Faili haliandikwi kwamba ni la mama mhasibu. Limeandikwa ni la 1003. Kigoma 1003 ni yeye. Tabora tulikuta 1003 ni akaunti ya karani wa muda aliyekwishaondoka, na mama mhasibu ni 1007. Akawa anaziona faili zake na kukataliwa kuzifungua. Usikimbilie `chmod 777`, inayomfungulia kila mtu kila kitu, nimeona ofisi ikifanya hivyo na mishahara ya watu ikasomwa mpaka na mlinzi. Piga `ls -ln` pande zote mbili, linganisha namba, na uzisawazishe siku ya amani. Sisi tuna karatasi moja yenye namba za watumiaji wote, ofisi zote, imebandikwa ndani ya mlango wa kabati la seva.

Upande wa anayepachika, yaani kompyuta ya kaunta:

`mount -t nfs4 -o hard hazina.ndani:/maafa/hazina /mnt/hazina`

`hard` maana yake mtandao ukikatika programu inasubiri mpaka urudi. `soft` inakata tamaa na kuirudishia programu kosa, na programu nyingi za ofisini hazijui kulipokea kosa hilo, zinaacha faili nusu. Kwa kusoma tu `soft` inavumilika. Kwa kuandika pesa za watu, `hard`. Na uone nimetumia jina `hazina.ndani` wala si namba ya IP: siku ya kuhama nabadilisha jina lielekee Tabora mahali pamoja, sizunguki kompyuta 11.

Kompyuta iliyokuwa imeshapachika ya Kigoma haitahama yenyewe. Inaganda. Hata `df` unaiandika inanyamaza tu, mshale unapepesa, na karani anadhani kompyuta imekufa. Ipachue kwa nguvu, `umount -f -l /mnt/hazina`, kisha upachike upya. Ukiona malalamiko ya `Stale file handle` dawa ni hiyohiyo. Na kama mstari uko kwenye `/etc/fstab`, faili la vitu vya kupachikwa kompyuta inapowaka, ongeza `_netdev,nofail`. Bila `nofail`, kompyuta inayowashwa wakati seva haipo inaweza kukaa ikiisubiri kabla ya kumaliza kuwaka, nawe una mambo kumi mengine ya kufanya.

Kanzidata ina adabu zake. Yetu ni PostgreSQL, na siipachiki kwa NFS. Ninaiwasha kwenye seva ya Tabora yenyewe, juu ya kloni. Lazima iwe kloni inayoandikika, kwa sababu kwa macho ya PostgreSQL snapshoti ni mashine iliyokatikiwa umeme ghafla. Ikiwaka inarudia kwanza kumbukumbu zake za miamala ili ijiweke sawa, na hiyo ni kuandika. Ukiipa voliyumu ya kusoma tu haiwaki. Toleo kuu nalo liwe lilelile pande zote: data za 14 hazifunguki na 16. Na kama umeziweka kumbukumbu za miamala kwenye voliyumu yake peke yake, snapshoti ya zote ipigwe kwa pamoja, `zfs snapshot -r`, la sivyo utakuwa na kichwa cha saa hii na kiwiliwili cha saa ile.

Wenye vifaa vya NetApp, mantiki ni ileile kwa majina mengine. Voliyumu inayopokea SnapMirror, njia yao ya kutuma nakala, ni ya kusoma tu, na haionekani kwa wateja mpaka uipe njia kwa `volume mount` na `-junction-path`. Ukitaka kuchungulia, tumia FlexClone, ndiyo kloni yao. Ukitaka kuhamia, `snapmirror break` inaifanya iandikike, lakini ujiangalie sana na `snapmirror resync` baadaye, maana ukikosea mwelekeo inatupa kilichoandikwa baada ya kuachana, kama ile `-F` yangu. Wenye DRBD, inayonakili diski nzima kwa mtandao, upande wa pili haupachikiki ukiwa bado wa pili; lazima kwanza uwe mkuu, kwa mfano kwa `drbdadm primary`.

Turudi Tabora. Kabla makarani hawajaanza kuandika kwenye kloni, hakikisha Kigoma haitaamka na kuandika nayo. Seva mbili zinazodhani kila moja ndiyo hazina ni kesi ambayo hakuna programu itakayokuamulia. Mimi ninampigia mlinzi wa Kigoma, namwambia achomoe waya wa mtandao wenye utepe mwekundu, anipigie picha ameushika mkononi. Picha ikifika ndipo ninaposema andikeni. Mkurugenzi aliwahi kuniuliza kwa nini namsumbua mlinzi wakati umeme hakuna. Nikamwonyesha vile vitabu vya risiti.

Kurudi ndiko kugumu kuliko kwenda, ingawa hakuna haraka. Kigoma ikiwaka, waya bado uko nje ya seva, zima kwanza ratiba ya kutuma. Kisha rudisha waya. Tabora simamisha kazi, piga snapshoti ya kloni na uitume:

`zfs send -w -i embe/hazina@k-0412-1415 embe/maafa@rudi | ssh kigoma zfs receive -s -u ziwa/hazina_mpya`

Inasafiri tofauti tu, kwa kuwa Kigoma tayari inayo snapshoti ile ya 1415. Na inatua kama voliyumu mpya pembeni ya ile ya zamani, haiifuti. Hilo ninalipenda, maana kuna vile vitu vilivyoandikwa Kigoma baada ya 1415 kabla umeme haujaenda: risiti mbili tatu ambazo hazikuwahi kusafiri. Zipachike zote mbili, ya zamani kwa kusoma tu, mkae na mhasibu mlinganishe. Ukituma kwa `-w` wakati wa kwenda, wakati wa kurudi tuma kwa `-w` pia. Ukichanganya, mnyororo unakatika na utapanda tena treni na kitenge.

Baada ya zoezi, kloni inafutwa. Kabla ya amri yenyewe tunapiga ya majaribio inayosema tu ingefuta nini:

`zfs destroy -n -v embe/maafa`

Kijana anasoma jina kwa sauti mara mbili, mimi naitikia, ndipo anaondoa `-n`. Kwa kazi hiyo kila mwezi namtumia migebuka iliyokaushwa na dumu la mawese, naye hunirudishia asali ya Tabora, na hesabu hiyo haimo kwenye kanzidata yoyote.

Mwisho ninaandika kwenye daftari la kaunta tarehe, snapshoti iliyotumika, na dakika tulizochukua tangu simu ya kwanza hadi karani wa Kigoma alipofungua faili lake la kwanza lililotoka Tabora. Zoezi la kwanza zilikuwa dakika 95. La mwezi uliopita zilikuwa 22, na 9 kati ya hizo zilikwenda kumtafuta meneja mwenye ufunguo wa kasha, aliyekuwa kwa kinyozi.